Mgonjwa Ametoka Thieta, Sasa Nani Anamtazama?

Mwezi Oktoba 2007 hospitali nane za nchi nane ziliingia katika jaribio la Shirika la Afya Duniani lililohusu karatasi moja tu. Saba zilikuwa Seattle, Toronto, London, Amman, New Delhi, Manila na Auckland. Ya nane ilikuwa St. Francis ya Ifakara, bondeni Kilombero. Karatasi yenyewe ni orodha ya vipengele 19 ambavyo timu ya upasuaji huvihakiki kwa sauti katika vituo vitatu: kabla mgonjwa hajapewa dawa ya usingizi, kabla ngozi haijakatwa, na kabla hajatolewa thieta. Matokeo yalichapishwa Januari 2009. Vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa ya baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7.

Sifa za karatasi hiyo zimekwisha kuimbwa, na inazistahili. Jina la mgonjwa huhakikiwa, upande wa kupasuliwa pia, dawa ya kuzuia maambukizi hutolewa ndani ya dakika 60 kabla ya kisu, na gozi, sindano na vifaa huhesabiwa kabla mgonjwa hajatoka. Lakini kwa muuguzi wa wodi uzito wote umo katika kipengele cha mwisho kabisa: daktari mpasuaji, mtaalamu wa usingizi na muuguzi waseme kwa sauti ni nini cha kuogopwa kwa mgonjwa huyu katika saa na siku zinazofuata. Ndicho kinachopitiwa haraka kuliko vyote, maana mshono umekwisha, watu wamechoka, na mgonjwa mwingine yuko mlangoni. Nacho ndicho pekee kinachomvusha mgonjwa kutoka mikono ya wachache waliomkazia macho kwenda mikono ya muuguzi mmoja mwenye wodi nzima.

Kwa nini nasisitiza hapo? Mwaka 2018 jarida la Lancet lilichapisha utafiti mkubwa wa matokeo ya upasuaji barani Afrika: nchi 25, hospitali 247, wagonjwa zaidi ya 11,000. Wagonjwa wetu walikuwa vijana kuliko wa nchi tajiri, na upasuaji uliofanyika zaidi ulikuwa wa kumtoa mtoto. Kwa hali hiyo wangetakiwa wapone kwa wingi zaidi. Badala yake, asilimia 2.1 walifariki, mara mbili ya wastani wa dunia. Na kati ya vifo 239, vifo 225 vilitokea baada ya siku ya upasuaji kupita. Yaani kisu kilifanya kazi yake, mgonjwa akaamka, akarudi kitandani, ndugu wakamshukuru Mungu, halafu akafia wodini.

Kifo cha namna hiyo mara nyingi hupiga hodi kwanza. Chukua mfano wa mama wa kilo 60 aliyetoka kupasuliwa kumtoa mtoto saa nne asubuhi. Presha ni 110 kwa 70, mapigo 84. Robo saa baadaye presha ni ileile, mapigo 98. Robo saa nyingine, presha 108 kwa 70, mapigo 116. Anayetazama presha peke yake ataandika kwamba hali ni nzuri. Anayesoma mstari wa mapigo anajua kwamba mwili unapoteza damu na moyo unakimbia kufidia. Mwenye umri mdogo huweza kupoteza hata lita nzima kabla presha haijaanguka, na ikianguka, huanguka kwa kasi. Muuguzi mzuri hapo hasubiri. Anafunua shuka, anapitisha mkono chini ya mgongo na makalio, kwa sababu damu hutiririka nyuma na bandeji ya mbele ikabaki nyeupe. Anapapasa mji wa mimba kuona kama umekaza. Anatazama mfuko wa mkojo: kwa kilo hizo, chini ya mililita 30 kwa saa ni kengele. Kisha anaita msaada akiwa na namba mkononi.

Siku ya pili na ya tatu ni ngumu zaidi, kwa kuwa macho yameshalegea. Kipimo ambacho kingesaidia sana hapo hakihitaji umeme wala betri: kuhesabu pumzi kwa dakika moja nzima. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi 12 hadi 20 kwa dakika. Ikifika 25 na kuendelea, fikiria mapafu, damu iliyopungua, au maambukizi yaliyokwisha kuingia mwilini hata kama homa haijapanda. Ikishuka hadi 8 kwa mgonjwa aliyechomwa morfini au pethidini, dawa inamzamisha. Bado kipimo hiki ndicho kinachobuniwa kuliko vyote. Fungua faili za wodi nyingi uone safu ya 20, 20, 20 kwa kila mgonjwa, asubuhi na jioni. Binadamu hawapumui hivyo. Simlaumu muuguzi mmoja mwenye wagonjwa 40 usiku. Namlaumu anayempanga peke yake kisha akaikagua chati kwa kuangalia kama imejazwa.

Waingereza walilikabili jambo hili kwa kuzipa namba alama. Tangu 2012 wana mfumo mmoja wa kitaifa: pumzi, oksijeni, presha, mapigo, fahamu na joto, kila kimoja kikipewa alama kadiri kinavyotoka kwenye kawaida. Jumla ikifika kiwango fulani, muuguzi ana haki ya kumwita daktari na daktari ana wajibu wa kuja. Ubora wake hauko kwenye hesabu. Uko kwenye kumwondolea muuguzi mdogo hofu ya kuonekana anasumbua wakubwa.

Afrika nayo ilijaribu. Jaribio lililochapishwa 2021, katika hospitali 332 za nchi 28, liliwatambua wagonjwa walio hatarini na kuwaongezea ulinzi: wapelekwe wodi ya uangalizi wa juu, wapimwe mara nyingi zaidi, walazwe kitanda kinachoonekana kutoka meza ya wauguzi, ndugu waruhusiwe kukaa nao, na mwongozo uwekwe kando ya kitanda. Vifo havikupungua. Wapo watakaosema basi kutazama hakusaidii. Mimi nasoma tofauti. Kuona ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni damu iliyopo benki, oksijeni inayotoka, na thieta inayofunguka usiku kumrudisha anayevuja ndani. Utafiti wa 2018 ulikuta madaktari bingwa wa upasuaji, uzazi na usingizi kwa pamoja hawafiki mmoja kwa kila watu 100,000, ilhali kiwango kinachopendekezwa ni angalau 20. Muuguzi akipiga kengele na hakuna wa kuitika, kengele haiokoi mtu.

Kwa hiyo mganga mkuu anayenunua vifaa vya thieta na aulizwe pia: usiku wa manane, mapigo ya mgonjwa wa jana yakifika 120, nani anaitwa, na anafika kwa dakika ngapi? Jibu liandikwe na kubandikwa wodini. Nanyi ndugu wa mgonjwa, ulizeni kabla hamjaondoka ni dalili gani ziwafanye mwite muuguzi mara moja. Mkiona anahema haraka, anachanganyikiwa, analowa damu au mfuko wa mkojo hauongezeki, iteni, na mwite tena hadi aje.