Sheria za Wafu wa Kilo

Kuna mwalimu kijana wa shule ya msingi huko Kilo, Ituri, anayeandika riwaya yake ya kwanza. Huandika usiku, akishamaliza kusahihisha kazi za watoto, kwa biki na kaye, yaani daftari, za shule. Ni riwaya ya mambo ya ajabu: wafu waliochimba dhahabu enzi za Wabelgiji wanapanda kutoka mashimoni kudai mshahara wao kwa karani ambaye naye ni marehemu. Anatamani sana ichapwe. Alinisomea sura kadhaa nilipopanda kutoka Bunia, nami nimezipenda. Lakini kilichonishika hasa ni kaye nyingine, ndogo, ambayo hakuna msomaji atakayeiona.

Humo ameandika sheria za ulimwengu wake. Mfu havuki mto uliooshewa dhahabu. Mfu hatamki jina la aliye hai mpaka mwenye jina amwite yeye kwanza. Karani hawezi kudanganya kwa maneno, ila kwa hesabu anaweza. Mshahara usiolipwa huongezeka uzito kila mwaka, kwa hiyo mfu wa zamani kuliko wote ndiye anayetembea polepole kuliko wote.

Sura ya saba ilikuwa tamu. Mama aliyekufa anavuka mto usiku, anaingia nyumbani kwa mwanawe, anamwamsha kwa jina. Nilimsifu mwandishi, tukalala. Asubuhi nikamkuta amekunja uso: mto ule ule, katika sura ya pili, watu walioshea dhahabu. Mama hakuruhusiwa kuvuka. Nikamwambia, “Mwalimu, si ufute hiyo sheria? Nani atajua?” Akanijibu, “Papa, yule mama atajua.” Akazichana kurasa zote, akaanza upya. Sasa mama anafika ukingoni na kusimama. Anamwona mwanawe ng'ambo akichota maji, hawezi kuvuka, hawezi kumwita. Anarudi usiku wa pili, na wa tatu, akingoja mwana huyo akumbuke kumtaja. Sura ile ya awali ilinipendeza. Hii ilininyamazisha, na imezaliwa na sheria ambayo mimi nilitaka ifutwe.

Watu hudhani kwamba anayebuni nchi isiyokuwepo yuko huru kusema lolote. Kumbe amejifunga kuliko anayeandika habari za sokoni. Soko lipo, msomaji atalijazia mwenyewe. Nchi ya wafu haipo popote ila katika sentensi zile, na sentensi moja ikidanganya, nchi yote inabomoka. Bibi zetu walilijua hilo. Bibi akikosea habari za sungura, watoto waliokuwa wakiota moto walimkatiza papo hapo: jana ulisema ana jicho moja! Wale ndio waliokuwa wahariri wetu wa kwanza, na hawakumsamehe mtu.

Na kwa nini wafu, si wazima? Dhahabu ya Kilo iliingia katika maandishi ya wageni mwaka 1903, na mwaka 1926 ikaundwa kampuni kubwa ya Kilo-Moto. Waliochimba, wengi walipelekwa kwa nguvu. Uzito wa dhahabu uliandikwa kwa makini. Aliyoyawaza mchimbaji akiwa shimoni hayakuandikwa. Mwandishi wa leo atayapata wapi, asipomfufua mchimbaji mwenyewe aseme? Kiswahili kina njia hiyo tangu zamani. Shaaban Robert aliiweka nchi yake ya Kusadikika angani, mwaka 1951, ili aseme ya ardhini. Kezilahabi aliyeanza na maisha ya kawaida katika Rosa Mistika mwaka 1971 alifika ulimwengu wa ajabu wa Nagona mwaka 1990, na kati ya vitabu hivyo viwili kuna karibu miaka 20 ya kujifunza kuacha njia iliyozoeleka.

Siku hizi nakutana na vijana wenye picha ya jalada kwenye simu kabla ya kuwa na sura ya pili. Wananiuliza njia ya kuchapisha. Hakuna anayeniuliza namna ya kurudia kuandika. Siwalaumu wao peke yao. Tumewafundisha kwamba kitabu ni kitu cha kuzinduliwa. Tangu mwaka 2022 nchi yetu ya Kongo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kila tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, tunahutubiana juu ya lugha hiyo, lakini katika hotuba hizo sijasikia mtu akiuliza nani ana mswada. Ipo tuzo ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, inayopokea hata miswada isiyochapwa, na nimemhimiza mwalimu ajaribu. Anaogopa. Simulizi yake ni ya Kiswahili sanifu, lakini wafu wake wanasema Kiswahili cha Ituri, na duka moja mjini lilipomchapia sura za kwanza kwenye kompyuta, liliwasahihisha wafu wote wakawa wanasema kama redio. Alilipa, akarudi na karatasi zake, akaanza tena kuwarudishia ndimi zao kwa biki, mmoja mmoja.

Ninachohofia zaidi ni zile kaye zenyewe. Hazina nakala kamili. Ziko kwenye mfuko wa plastiki chini ya kitanda, katika sehemu ambayo watu wamekimbia mara nyingi tangu vita vya mwaka 1999, na anayekimbia hubeba mtoto, godoro na sufuria. Shaaban Robert aliandika kitabu chake Kufikirika mwaka 1946, kikachapwa mwaka 1967, yeye akiwa amekufa miaka mitano kabla. Mswada ule ulingoja miaka 21, ukakutwa salama. Huko Kilo sijui mtu anayeweza kuiahidi karatasi miaka 21.