Hesabu Zetu katika Vitabu vya Wenzetu

Hapa Nkoaranga, chini ya Mlima Meru, bibi auzaye ndizi sokoni humaliza hesabu yake vidoleni kabla mjukuu hajapata kalamu. Hata hivyo tumezoea kumwambia mtoto shuleni kwamba kuhesabu kwa vidole ni ushamba. Wazo hilo tumelipata wapi? Kwa sehemu, tumelisoma vitabuni.

Kitabu cha Mjerumani Karl Menninger juu ya maneno na alama za hesabu, kilichotoka kwanza mwaka 1934, kina elimu nyingi. Lakini Afrika humo ni kama mgeni aliyeketishwa mlangoni. Ndiyo maana twakithamini *Africa Counts*, cha mwalimu wa Marekani Claudia Zaslavsky, kilichotoka mwaka 1973. Yeye alikusanya habari za masoko, michezo, miiko ya kuhesabu watu na mifugo, na ishara za vidole, akaipa Afrika Mashariki sura yake. Akisomwaye, kidole si ushamba tena, bali ni utaratibu wenye kanuni.

Lakini sifa isitupofushe. Katika mfupa uliochimbuliwa Ishango, Kongo ya mashariki, mwaka 1950, wenye umri upatao miaka 20,000, safu moja ina chale 11, 13, 17 na 19. Wapo waliodai kwamba mchongaji alizijua namba tasa. Chale zaonyesha kwamba alichonga kwa mpango. Hazionyeshi kwamba alijua kugawanya. Fahari isiyo na ushahidi ni deni, na watakaolilipa ni wanafunzi wetu.

Tena, mwandishi huyo alitegemea zaidi yaliyokwisha kuandikwa na wageni. Yasiyoandikwa ni kazi yetu. Sita, saba na tisa tumezipokea kutoka Kiarabu. Tandatu limesahauliwa, fungate limebaki katika siku saba za arusi, kenda limebaki kwa washairi. Nasi twakiri: tumelitumia kenda mara nyingi kwa kutafuta vina tu, tusijiulize lilikotoka.

Basi, walimu, wapelekeni vijana kwa wazee wa Kimeru na Kiarusha, wakaandike maneno ya hesabu na ishara zake, kila moja kama lilivyo, bila kuongeza chumvi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na hesabu ya mababu nayo ni mali.