Kati ya Barabara na Kibla: Jinsi Wajenzi wa Kairo Walivyopinda Majengo

Misikiti na madrasa za kale za Kairo husifiwa zaidi kwa nakshi zake, ilhali ustadi mkubwa wa wajenzi wake umefichwa katika unene wa kuta na katika vijia vya giza ambavyo wageni huvipita haraka ili waufikie ua. Mji huo, uliojengwa na jemadari Jawhar mwaka 969 kwa ajili ya makhalifa wa Kifatimi, ulikuwa na barabara kuu iliyotoka malango ya kaskazini hadi yale ya kusini, nayo haikulingana na kibla, ambacho kwa watu wa Kairo kiko upande wa kusini-mashariki. Kila mwenye cheo alitaka jengo lake liitazame barabara hiyo, lakini ukuta wa mihrabu, yaani kishubaka kinachoonyesha upande wa Makka, haukuweza kusogezwa kwa ajili ya fahari ya mtu.

Jibu la mapema lililo bora linaonekana katika Msikiti wa al-Aqmar wa mwaka 1125. Uso wake wa mawe umefuata mstari wa barabara, ukumbi wa ndani umefuata kibla, na tofauti baina ya mielekeo hiyo miwili imemezwa na ukuta wa mbele, ambao unene wake huongezeka kutoka upande mmoja hadi mwingine kama kabari. Sultani Qalawun alipojenga madrasa, kaburi na hospitali katika barabara hiyohiyo miaka ya 1284 na 1285, kazi hiyo iligawanywa kwa njia nyingine: korido ndefu iliingia kutoka barabarani, ikatenganisha kaburi na madrasa, kisha ikaelekea hospitalini nyuma, hivyo wagonjwa, wanafunzi na wazuru walitumia mlango mmoja bila ya kuingiliana.

Hata hivyo, hesabu hiyo ya kupatanisha barabara na kibla ilifika kileleni katika jengo la Sultani Hasan, lililoanzwa mwaka 1356 chini ya Ngome ya Kairo. Lilikuwa msikiti wa Ijumaa, kaburi la ukoo na madrasa nne kwa pamoja, moja kwa kila madhehebu ya fiqhi ya Kisunni: Hanafi, Maliki, Hanbali na Shafii, ambayo ndiyo inayofuatwa na wengi katika pwani ya Afrika Mashariki. Lango lake, lenye kimo cha karibu mita 38, halikuwekwa sambamba na ukuta bali limegeuzwa kidogo ili lionekane kutoka Ngome, alikokaa sultani. Aingiaye hupita kwanza ukumbi mdogo wenye kuba, kisha kijia chenye kona, na katika kona hizo mwili wake hugeuzwa taratibu hadi anapotokeza uani akiwa amekwisha kuelekea kibla, makelele ya mtaani yakiwa yamebaki nyuma.

Uani hapo pana iwani nne, yaani kumbi kubwa zenye paa la tao, kuta tatu na upande mmoja ulio wazi. Madrasa zenyewe zimewekwa katika pembe baina ya iwani hizo, kila moja ikiwa na ua wake na vyumba vya wanafunzi vilivyopandana ghorofa juu ya ghorofa, na pembe hizo ndizo zilizobeba upogo wa kiwanja, kwani chumba cha kulala kinaweza kupunguzwa upande mmoja pasipo ibada kuharibika. Madirisha yaliyopangwa wima katika ukuta wa nje ni ya vyumba hivyo, kwa hiyo mtazamaji aliyeko barabarani anaweza kuyasoma maisha ya ndani kabla ya kuingia.

Uamuzi mmoja ni mgumu kuutetea. Kaburi limewekwa nyuma ya ukuta wa kibla, mahali panapoonekana vizuri kutoka Ngome, hivyo wenye kuswali huelekea pia kuba la mtawala. Hapa siasa iliushinda unyenyekevu. Sultani mwenyewe hakuzikwa humo, maana aliuawa mwaka 1361 na mwili wake haukupatikana. Ukaribu na Ngome ulileta madhara mengine pia, kwa kuwa waasi walipanda juu ya paa na kuishambulia Ngome kutoka hapo, hata Sultani Barquq akaamuru ngazi zibomolewe.

Anayezuru leo na aipitie korido polepole, akiangalia ni wapi inapogeuka, kabla ya kuvutwa na marumaru za mihrabu. Mlango wa shaba wa lango kuu hataukuta hapo: Sultani al-Mu'ayyad Shaykh aliuchukua mwanzoni mwa karne ya 15 kwa ajili ya msikiti wake kando ya lango la mji liitwalo Bab Zuwayla, na uko huko hadi sasa.