Uso wa Amplifaya

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mafundi wengi wa redio ninaowafahamu hapa Mwanza huishi kwa methali hiyo. Mwambie fundi kwamba amplifaya yake ya gitaa inalia vizuri lakini uso wake ni wa ovyo, naye atakujibu kwamba watu hawasikilizi bati. Nimelisikia jibu hilo mara nyingi na sikubaliani nalo. Uso wa amplifaya, yaani lile bati la mbele lenye vitufe, matundu ya waya na maandishi, ndiyo sehemu pekee ya kazi ya fundi ambayo mpigaji huiona na kuigusa kila siku. Yaliyomo ndani anayajua fundi. Kwa hiyo uso nao unastahili kuhakikiwa, kama tunavyohakiki kitabu au jengo.

Mji wetu una mazoea ya zamani ya kuunda vitu. Makoroboi, pale katikati ya mji, palipata jina lake kutokana na koroboi, vile vibatari vilivyotengenezwa kwa makopo na mabati yaliyokwisha kutumika. Mikono iliyoweza kugeuza kopo kuwa taa haikushindwa kugeuza mbao na bati kuwa amplifaya. Katika miaka ya 1970 na 1980 sababu kubwa ilikuwa uhaba. Vyombo vya muziki viliagizwa nje kwa taabu, na bendi nyingi zilikuwa chini ya mashirika ya umma na jumuiya. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ni mfano maarufu. Vyombo vilikuwa mali ya mwenye bendi. Mwanamuziki aliyehama alihama na vidole vyake tu. Aliyetaka sauti yake mwenyewe alimwendea fundi wa redio, naye fundi akatafuta transfoma ya redio iliyokufa, spika kuukuu na ubao. Siku hizi bodi za amplifaya kutoka China zinauzwa madukani, lakini kwaya za vijijini na wapigaji wa baa na harusi, kuanzia Magu hadi Sengerema, bado wanamwendea fundi kwa sababu ya bei, na kwa sababu ikiharibika wanajua mlango wa kubisha hodi.

Uso wenyewe hutengenezwa kwa kinachopatikana: fomeka iliyobaki kwenye meza, bati la debe, au zile karatasi nyembamba za alumini zinazotupwa na viwanda vya uchapaji. Niliwahi kuona uso mmoja wa alumini ambao ukiufungua skrubu, nyuma yake ungeweza kusoma tangazo la mnada. Sioni aibu yoyote katika hilo. Aibu huanza mahali pengine.

Kosa linaloniudhi kuliko yote ni uso wa kuazima. Fundi hufanya kazi wiki tatu, akalehemu, akasikiliza, akabomoa na kuanza tena. Siku ya mwisho huenda kwenye duka la stika, akachapisha neno Marshall kwa herufi zile zile za mwandiko mweupe, akalibandika kifuani mwa sanduku lake. Ukimwuliza, husema wateja ndivyo wanavyotaka.

Sasa na tuitazame hiyo Marshall yenyewe. Jim Marshall alikuwa mpiga ngoma na mwenye duka la vyombo vya muziki jijini London. Mwaka 1962 yeye na mafundi wake waliunda amplifaya yao ya kwanza kwa kufuata, karibu hatua kwa hatua, njia ya umeme ya Fender Bassman ya Marekani. Ndani walinakili, usoni waliandika jina lao. Kuanzia katikati ya miaka ya 1960 hadi mwaka 1969 nyuso zao zilitengenezwa kwa plastiki ngumu iitwayo plexiglas, iliyopakwa rangi ya dhahabu kwa nyuma. Mwaka 1969 wakahamia alumini. Hadi leo wapiga gitaa duniani huziita amplifaya zile za mwanzo Plexi. Jina la plastiki ya usoni limekuwa jina la chombo kizima, na hata la sauti yake!

Basi kunakili njia ya umeme si dhambi. Ndiyo shule ya mafundi wote. Lakini anayenakili uso amejifuta mwenyewe. Siku sanduku likilia vizuri harusini, sifa zitakwenda kwa Mwingereza aliyekwisha kufa mwaka 2012. Siku likitoa moshi, watamtafuta fundi wa Igogo. Hiyo ni biashara ya hasara tupu, tena fundi amejilipisha mwenyewe kuifanya.

Jambo la pili ni lugha. Nyuso nyingi huandikwa Volume, Treble, Bass, hata kwa mpigaji ambaye hana haja ya Kiingereza mahali pengine popote maishani mwake. Wapo waliojaribu Kiswahili, nami nawaunga mkono, ila si kila jaribio limefaulu. Fundi mmoja aliandika JUU, KATI na CHINI akimaanisha sauti nyembamba, ya wastani na nzito. Ni maneno mafupi yanayoenea vizuri kwenye bati. Tatizo ni kwamba mpigaji akiambiwa apandishe sauti juu, mkono wake huenda kwenye kitufe cha JUU, na kanisa zima huziba masikio. NYEMBAMBA na NZITO ni marefu zaidi lakini hayadanganyi. SAUTI inatosha kwa kitufe kikuu, na MWANGWI ni neno zuri kuliko lile la kigeni. Afadhali bati lirefuke kidogo kuliko neno lipotoshe.

Tukija kwenye tarakimu, hapa ndipo uso unapokutana na yaliyomo ndani. Fundi huzungushia kitufe namba 1 hadi 10 kwa nafasi zilizo sawa, na macho huridhika. Lakini sikio la binadamu halipimi kama rula. Ili sauti isikike imekuwa kubwa maradufu, nguvu ya umeme inayoingia kwenye spika sharti iongezeke takriban mara kumi. Kwa sababu hiyo potensiometa hutengenezwa za namna mbili: zinazopanda sawasawa, na zinazopanda polepole mwanzoni na kwa kasi mwishoni. Za pili ndizo zifaazo kwa kitufe cha sauti. Fundi akiweka ya kwanza kwa kuwa ndiyo iliyokuwapo sandukuni, sauti yote hulipuka kabla ya namba 3, na kuanzia 4 hadi 10 mpigaji huzungusha bure. Uso umeahidi hatua kumi na ndani zipo tatu. Uzuri wa maandishi hauwezi kuliponya hilo. Ama abadilishe potensiometa, ama asiandike namba.

Tena, uso humtazama nani? Fender za miaka ya 1950 zilikuwa na bati la vitufe juu ya sanduku, likisomeka kwa mtu aliyesimama nyuma yake. Karibu na mwaka 1960 kiwanda kilianza kulihamishia mbele. Mafundi wetu huweka mbele bila kuuliza, kwa sababu ndivyo walivyoona. Baa inaweza kufaa, maana sanduku huwa nyuma ya mpigaji naye hugeuka kulitazama. Lakini katika makanisa mengi sanduku huwekwa mbele, karibu na mimbari, na mpigaji yuko nyuma yake. Akitaka kupunguza sauti wakati wa sala hulazimika kuzunguka mbele ya waumini wote. Swali moja kabla ya kukata bati lingemwondolea adha hiyo.

Haya yote ni madogo mbele ya jambo la uhai. Nyuzi za gitaa, kupitia waya wake, huungana na bati la amplifaya. Bati likipata umeme na waya wa ardhi, ule ambao mafundi huuita ethi, haupo, mpigaji naye ana umeme mikononi. Mwaka 1972 Les Harvey, mpiga gitaa wa Scotland wa bendi ya Stone the Crows, alifariki jukwaani mjini Swansea baada ya kugusa maikrofoni isiyounganishwa vizuri na ardhi, huku ameshika gitaa. Mwanza ni mji wa miamba, ambako kuchimbia ethi nzuri si kazi rahisi, na soketi nyingi zina matundu matatu kwa sura tu. Bati la chuma lisilofungwa ethi ni hatari hata likipakwa rangi ya dhahabu.

Nitaje basi kazi moja iliyonifurahisha, sanduku la kwaya moja ya ng'ambo ya Kamanga. Uso wake ni bati lililopakwa rangi nyeusi ya mafuta, na maandishi meupe ameyaandika kwa mkono mtu ambaye kazi yake ni kuandika majina ya mitumbwi. Yanasomeka hata chini ya balbu dhaifu, jambo ambalo alumini ing'aayo haiwezi. Matundu yameandikwa SOLO, RIDHIMU na BESI, kama kwaya yenyewe inavyoyapanga magitaa yake. Nyuma, kando ya kishikio cha fyuzi, pameandikwa: FYUZI 2A. USIWEKE WAYA. Kila aliyewahi kuona fyuzi iliyozibwa kwa uzi wa shaba anajua uzito wa maneno hayo. Pembeni, kwa herufi ndogo, kuna jina la fundi, mtaa wake na mwaka. Ina kasoro: neno MWANGWI limebanwa ukingoni, na taa nyekundu ni kali mno. Hata hivyo, kila kilichoandikwa pale ni kweli.

Nawashauri viongozi wa kwaya na bendi wanaoagiza masanduku haya, kabla ya kumaliza malipo, wamtake fundi aandike jina lake. Akisita, wamwulize ethi iko wapi.