Meza ya Pamoja na Matembezi: Mfano wa Hamugembe

Tunapozungumzia utamaduni wa taifa, aghalabu fikra zetu hukimbilia ngoma, mavazi na masimulizi ya kale. Ni mara chache tunahoji jinsi watu wetu wanavyoitumia siku ya mapumziko: wanakwenda wapi, wanakula nini, tena pamoja na nani. Hali starehe ya watu huonyesha utu wao sawasawa na kazi yao. Katika insha hii tunakusudia kuyapima matembezi ya familia na desturi ya kula hotelini, na mfano wetu tutautoa Hamugembe, mojawapo ya kata za mji wa Bukoba, mkoani Kagera.

Wako wanaodai kwamba mambo haya ni ya kuiga, na kwamba Mwafrika wa kweli hula nyumbani kwake. Dai hili halina nguvu. Wahaya walijua kumkirimu mgeni kabla Emin Pasha hajaweka kituo cha Wajerumani hapo Bukoba mwaka 1890. Mgeni alipokaribishwa alipewa buni zilizochemshwa na kukaushwa, akazitafuna huku mazungumzo yakianza. Kutembeleana na kula pamoja, basi, ni mali yetu. Kilichokuja na mji ni kukilipia chakula, na kukila mbele ya watu tusiowajua. Swali linalotupasa si kama desturi hii ni ngeni, bali ni kama inatujenga.

Tuichukue familia moja ya Hamugembe kuwa mfano. Siku za kazi mama huamka kabla ya wote. Humenya ndizi, huwasha moto, hupakua, kisha yeye huketi mwisho, pengine chakula kimekwisha poa. Jumapili moja familia hiyo inakwenda kula hotelini. Jambo dogo linatokea: mama anaulizwa anataka kula nini. Anaandaliwa, anakula chakula kingali moto, na watoto wanamwona ameketi. Tusilidharau jambo hili. Katika Afrika Mashariki zilikuwako jamii ambazo mwanamke alimpika kuku asimle. Na kwa jirani zetu wa Uganda imesimuliwa kwamba wanawake waliwakusanya senene wasiruhusiwe kuwaonja. Meza ambayo mama anachagua chakula chake ni hatua ya usawa, hata kama juu yake pana sahani ya ndizi na maharage tu.

Lakini hapa ndipo tunapopaswa pia kukosoa. Wako akina baba ambao hoteli kwao ni mahali pa kuikimbia familia. Huketi na rafiki zao hadi usiku, na watu wa nyumbani huzijua starehe hizo kwa harufu ya nyama choma iliyobaki kwenye shati. Fedha iliyotumika ni ya wote, lakini raha ilikuwa ya mmoja. Hayo hatuwezi kuyaita mapumziko ya familia.

Kasoro ya pili ni kukionea haya chakula chetu. Wengine huona kwamba chipsi ndicho chakula cha heshima, na ndizi ni za nyumbani tu. Hatusemi kwamba utamaduni haubadiliki. Sangara tunayemsifu leo alipandikizwa katika Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950 na 1960. Tunachosema ni kwamba mtu achague kwa kupenda, si kwa kuogopa kuonekana mshamba.

Kasoro ya tatu yahusu matembezi yenyewe. Siku hizi yuko anayefika ufukweni, akaligeuzia ziwa mgongo, akapigwa picha, akaondoka. Kisiwa cha Musira kiko mbele yake, asiulize wanaoishi kule ni nani. Kanisa la Bunena laonekana, asiulize liliinuliwa lini. Na pengine kando yake ameketi bibi anayeyatazama maji yale kwa moyo mwingine kabisa, akiikumbuka meli ya MV Bukoba iliyozama tarehe 21 Mei 1996 ikielekea Mwanza, na kuwaangamiza mamia ya abiria. Mjukuu asiyeambiwa habari hiyo ameliona ziwa, lakini hajalijua.

Hali kadhalika kuna Katuruka, katika eneo la Maruku. Mbuyu wa historia yetu una mizizi hapo: wataalamu wa mambo ya kale wamefukua mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma, na mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walitangaza kwamba mababu wa eneo hili walikuwa na ufundi wa hali ya juu zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Mwalimu anayewapeleka wanafunzi wake huko, wakasikiliza, kisha wakala pamoja chini ya mti chakula walichofunga majumbani mwao, amefundisha historia na ujamaa kwa siku moja.

Yawezekana msomaji atasema: haya ni ya wenye fedha. Tunakubali kwamba si kila nyumba ya Hamugembe yaweza kulipia meza hotelini, na wala hatumshauri mtu akope ili aonekane. Lakini kutelemka hadi ufukweni hakulipiwi, na ndizi zilizofungwa katika jani la mgomba hazipungui utamu kwa sababu zimeliwa juu ya majani. Tena kwenye familia yenye uwezo, anayewaandalia mezani naye ni mama au binti wa mtu, ashukuriwe, asifokewe.

Basi, walimu na wanafunzi wayapime matembezi yao kwa maswali matatu: Nani alipumzika? Nani alisikilizwa? Tumerudi tukijua nini ambacho asubuhi hatukukijua? Ikiwa mama amerudi amechoka kuliko alivyoondoka, na babu hakuulizwa neno, safari hiyo irudiwe, na mara hii ipangwe na wote.