Neno Linalokwama Kooni: Uhakiki wa Sinema ya Kathikhera

Kathikhera ni kijiji katika wilaya ya Hapur, jimbo la Uttar Pradesh, nchini India, si mbali sana na Delhi. Huko ndiko ilikopigwa sinema fupi iitwayo Period. End of Sentence., iliyoongozwa na Rayka Zehtabchi, ikatoka mwaka 2018, na mwaka 2019 ikatunukiwa zawadi ya Oscar katika fungu la sinema fupi za habari za kweli. Yachukua dakika 26 tu. Maudhui yake ni hedhi, aibu inayoizunguka, na mashine ya kutengenezea sodo iliyoletwa kijijini kwa fedha zilizochangwa na wanafunzi wa shule moja ya Los Angeles. Imesifiwa sana, na sehemu kubwa ya sifa hizo ni haki yake. Walakini sisi ambao kazi yetu ni lugha twaona ndani yake jambo ambalo sinema yenyewe imeligusa, kisha ikalikimbia.

Mwalimu wa Kiswahili atakayejaribu kuifasiri anwani yake atakwama mlangoni. Kwa Kiingereza neno moja hubeba nukta na hedhi pamoja, na jingine hubeba sentensi na pia hukumu ya mahakama. Waliotunga anwani hiyo walikusudia kusema kwamba nukta kazi yake ni kumaliza sentensi, wala haifai kumaliza masomo ya msichana. Mchezo huo wa maneno haufasiriki. Nukta ya Kiswahili haijui lolote juu ya mwezi wa mwanamke.

Tulicho nacho sisi ni hedhi, neno la Kiarabu lililokaa zamani katika vitabu vya fikihi na sasa limehamia katika vitabu vya afya. Tunazo tasfida pia: yuko mwezini, yuko katika siku zake. Na tunalo kuvunja ungo, la damu ya kwanza, ambalo lilikwenda na mafunzo: mwari alikabidhiwa kungwi au somo wake, akaambiwa wazi, tena kwa nyimbo, yale ambayo barazani hayasemwi. Huku kwetu Uganda Waganda husema ensonga, yaani mambo, na ssenga, shangazi upande wa baba, ndiye aliyepaswa kumfungulia binti mambo hayo. Tasfida ni adabu njema, nasi huifundisha kwa fahari. Lakini humfaa yule tu anayekijua kilichositiriwa. Mtoto wa miaka 11 asikiaye kwamba dada yake yuko katika siku zake hajaambiwa kitu. Leo kungwi na ssenga hawafiki tena katika nyumba nyingi. Fumbo limebaki, mfumbuaji ameondoka.

Hayo ndiyo ayaonayo mtazamaji katika dakika za kwanza za sinema. Wasichana wanaulizwa juu ya hedhi, wanacheka na kuficha nyuso. Wavulana wanaulizwa: mmoja anadhani ni kipindi cha shule, kile cha kugongewa kengele, mwingine anasema ni ugonjwa unaowapata zaidi wanawake. Kisha darasani msichana mmoja anasimamishwa aeleze hedhi ni nini. Anasimama. Midomo yake haifunguki. Kamera haimwachi, wala hakuna muziki wa kumwokoa, na kimya kile kinarefuka hata mtazamaji mwenyewe anaanza kuona haya. Kwa upande wa fani, hapo ndipo pahali bora kuliko pote katika sinema hii, na mwalimu yeyote aliyewahi kusimamisha mwanafunzi atapatambua. Yule binti si mjinga. Hajapewa neno ambalo angeweza kulitamka mbele ya watu akaketi na heshima yake.

Baada ya hapo mashine inawasili, na sinema inabadilika kuwa habari ya furaha. Mashine hiyo ni ya Arunachalam Muruganantham, fundi wa Tamil Nadu, kusini mwa India, aliyeanza majaribio yake mwaka 1998 baada ya kugundua kwamba mkewe alikuwa akimficha matambara. Mke huyo alimkimbia kwa fedheha ya majaribio hayo, akarudi baada ya miaka. Wanawake wa Kathikhera wanajifunza kubana pamba, kukata, kufunga. Umeme unakatika, wanangoja. Wanazipa sodo zao jina la Fly, kwa maana ya kuruka juu, wanazitembeza nyumba kwa nyumba. Sneha, msichana anayetamani kuingia katika polisi ya Delhi, anatumia mshahara wake kulipia mafunzo. Haya yote yapendeza, na mikono ya wale wanawake kazini imepigwa picha kwa heshima kuliko ilivyo desturi ya wageni wapigao picha vijiji vya watu.

Basi kosa liko wapi? Liko katika kudhani kwamba sodo imejibu swali lililoulizwa darasani. Baada ya sinema kupata umaarufu, Sneha aliwaambia waandishi wa habari kwamba alipoanza kazi alimdanganya baba yake kuwa kiwanda kinatengeneza nepi za watoto. Baadaye mama alimfunulia mumewe ukweli, naye akasema kazi ni kazi. Tazama hapo: mashine imekwisha kuingia kijijini, inafanya kazi kila siku, na neno bado halijaweza kuvuka kizingiti cha nyumba ya mfanyakazi wake. Mwongozaji mwenye sikio la lugha angekaa kwa baba yule, angengoja, kama alivyongoja kwa binti wa darasani. Sinema ilikuwa na haraka ya kufika kwenye ushindi.

Haraka hiyo imeidhulumu hata afya yenyewe. Kitambaa kinaonyeshwa kama adui, sodo kama mkombozi. Lakini kitambaa safi kilichofuliwa kwa sabuni na maji, kikaanikwa juani kikauka sawasawa, hakina madhara. Madhara huja kinapofichwa kikiwa kibichi chini ya godoro au nyuma ya nguo nyingine, ili baba na kaka wasikione. Aibu ndiyo inayokigeuza kitambaa kuwa hatari, na mwanamke asiye na fedha za kununua sodo kila mwezi hakuambiwa hilo na sinema hii.

Wala jambo hili si la Wahindi peke yao. Kwetu Moses Musaazi wa Chuo Kikuu cha Makerere alibuni sodo za mafunjo, zenye bei nafuu. Tanzania iliondoa kodi ya ongezeko la thamani juu ya sodo mwaka 2018, ikairudisha mwaka 2019. Kenya ilitunga sheria mwaka 2017 kwamba serikali iwape wasichana wa shule sodo bila malipo. Miaka miwili baadaye, Septemba 2019, katika kaunti ya Bomet, msichana wa miaka 14 alichafukiwa na nguo akiwa shuleni. Kwa maelezo ya mama yake, mwalimu alimwita mchafu akamtoa nje ya darasa. Alirudi nyumbani, akajitoa uhai. Siku ile alikosa sodo, ni kweli. Lakini neno “mchafu” halikutoka katika upungufu wa sodo. Lilitoka katika kinywa cha mtu aliyesomea ualimu.

Naipendekeza sinema hii kwa madarasa ya sekondari licha ya yote niliyoyasema, kwa kuwa dakika 26 zaingia katika kipindi kimoja na nafasi ya mazungumzo ikabaki. Ikatishwe pale binti anaposimama kimya, kabla mashine haijafika, na wanafunzi waulizwe wao wangelijibuje swali lile kwa Kiswahili, kwa neno gani, mbele ya nani. Wavulana wasitolewe nje.