Alama za Ushiriki: Tunapima Nini?

Katika madarasa ya Kiswahili nchini Uganda wapo walimu wanaotenga alama za ushiriki, kisha wakahesabu mikono iliyonyooshwa. Utaratibu huu hauturidhishi. Mwanafunzi ambaye lugha yake ya kwanza ni Luganda, ambamo r hufuata irabu e na i, na l hutumika kwingineko, huweza kutamka "bahali" badala ya "bahari". Darasa likicheka, na mwalimu akimkata alama papo hapo, atanyamaza muhula mzima. Kumbe pengine ndiye pekee aliyeimaliza riwaya! Tunaonelea matamshi yapimwe kwenye mtihani wa mazungumzo. Za ushiriki apewe aliyeuliza, aliyemjibu mwenzake, hata aliyeleta swali kwa maandishi, na vigezo vitangazwe wiki ya kwanza.